Faili Lililokataa Kufutika

Fundi Hamza alimwona Inspekta Mwanahamisi Shehoza akivuka barabara kutoka upande wa soko la Lushoto, akainamisha kichwa haraka juu ya simu aliyokuwa akiifungua. Alichelewa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Weka hiyo bisibisi chini."

Hamza aliiweka. Duka lake lilikuwa na upana wa kitanda cha mtu mmoja, kwa hiyo Konstebo Dotto, aliyefuatana na Inspekta, alibaki mlangoni, nusu ya mgongo wake ikilowa manyunyu. Mwanahamisi alitoa karatasi mfukoni mwa koti, akaikunjua juu ya kioo cha meza, katikati ya makava na chaja.

"Haya maneno ni yako?"

Ilikuwa nakala ya ujumbe uliotumwa Jumamosi kwenye kundi la WhatsApp la mafundi simu. *Wakuu, nina simu imerutiwa, ndani kuna faili moja halifutiki. Nikilifuta linarudi. Nimejaribu kila njia. Msaada.* Chini yake palikuwa na picha ya kioo cha simu, na juu ya kioo hicho jina la faili la sauti: BREKI TREKTA. Tarehe nne, saa kumi na moja na dakika hamsini alfajiri.

Jina hilo Mwanahamisi alikuwa akilitafuta kwa siku kumi na tatu.

Asubuhi ya tarehe nne, trekta la shamba la chai la Mazindwa lilikuwa likiteremka na tela lililojaa wachumaji. Kwenye kona ya tatu halikukata. Wanawake wanne walikufa, kumi na mmoja walivunjika viungo. Dereva, Davis, mwanamume aliyetoka Njombe kufuata kazi ya chai, alitolewa chini ya usukani na mguu uliovunjika, akafunguliwa kesi ya kusababisha vifo kwa uzembe. Tangu siku ya kwanza alisema neno moja: alfajiri ile alimrekodi mkuu wa usafiri wa shamba, Bwana Yeremia, akimwamuru atoke huku akijua breki hazishiki. Sauti imo kwenye simu. Simu yenyewe ilichukuliwa palepale kwenye ajali, ikaandikwa kitabuni, ikafungiwa stoo ya vielelezo ya kituo kidogo cha polisi cha Mazindwa. Ijumaa tarehe kumi na nne, Koplo Ismaili, mtunza stoo, alimletea Inspekta taarifa ya mstari mmoja: simu imekaguliwa, hakuna sauti ya aina hiyo.

Siku iliyofuata sauti hiyo ilikuwa hapa, juu ya meza ya Hamza.

"Nani aliileta?"

"Mteja tu, afande."

"Mteja ana jina."

"Sikumuuliza."

Mwanahamisi aliegemea meza kwa mikono yote miwili. "Hamza. Wanawake wanne wamezikwa. Ukiniambia 'mteja' mara nyingine, nitalifunga duka hili kwa mnyororo na wewe nitaondoka nawe. Nani?"

"Mtu mzima. Ana sweta ya kijani, yenye nembo ya shamba hapa kifuani. Alikuja na pikapu nyeupe. Kwenye simu aliitwa Yeremia, nilimsikia."

"Alitaka nini? Neno kwa neno."

"Hilo faili moja liondoke, vingine vyote vibaki. Picha, meseji, namba, vyote. Nikamwambia mzee, mimi nakufutia simu nzima dakika tano, inakuwa kama imetoka dukani. Akanifokea. Akasema simu lazima ibaki ilivyo, mtu akiiwasha asijue imeguswa."

Dotto aliinua macho kutoka kwenye daftari lake. Mwanahamisi naye alilishika neno hilo. Mtu anayetaka kuficha sauti huivunja simu kwa nyundo au huitupa korongoni, na milima hii ina makorongo ya kutosha. Anayetaka simu ionekane haijaguswa ni yule anayepaswa kuirudisha mahali.

"Ukafanya nini?"

"Nilikuta imesharutiwa. Simu iliyorutiwa, yaani iliyofunguliwa vizuizi vya kiwandani, afande, fundi hakatazwi kitu ndani yake. Nikafuta kwa programu ya mafaili, ikasema tayari. Nikaizima, nikaiwasha, faili liko palepale. Nikaiunganisha na kompyuta, nikaandika amri ya kufuta. Ikanijibu hairuhusiwi. Nikadhani memori ya ndani imekufa. Basi nikapiga picha ya ukuta, nikaifuta, ikafutika vizuri. Memori ni nzima. Ni hilo moja tu linalogoma."

"Dereva angeweza kulifanya hivyo mwenyewe?"

"Kama ni fundi, ndiyo. Mtu wa kawaida hawezi."

Jibu hilo halikumfurahisha Mwanahamisi. Kama Davis ndiye aliyelifunga faili lake, wakili wa shamba angesema pia ndiye aliyelitengeneza.

"Ulilisikiliza?"

"Hapana."

"Hamza."

"Dakika moja. Nikazima."

"Ukazima, kisha ukaendelea kufuta."

Fundi alitazama meza. Uso ulimshuka kwa aibu.

"Ulifungua mfuniko wa nyuma?"

"Ndiyo, kuangalia kama kuna memori kadi. Haikuwepo."

"Kulikuwa na kitu kimebandikwa."

Hamza alinyanyua pembe ya kitambaa cha mpira alichofanyia kazi. Chini yake palikuwa na kipande cha karatasi ya gundi, kimekunjika, kimeandikwa kwa kalamu ya bluu: KIELELEZO NA. 7, MAZINDWA. Mwanahamisi alikichukua kwa kibano cha Hamza mwenyewe, akakitia kwenye bahasha, akamsainisha fundi juu ya mshono.

"Duka sitalifunga," alimwambia akitoka. "Ila kesho saa mbili uko ofisini kwangu, na maelezo yote yawe kichwani, bila kuruka neno."

* * *

Koplo Ismaili alikuwa na kitabu cha vielelezo tayari juu ya kaunta kabla hajaulizwa. Alikuwa mtu nadhifu, mwandiko wake ulikuwa mzuri, na ukurasa wa kielelezo namba saba haukuwa na kasoro. Imepokelewa tarehe nne. Safu ya kutoka ilikuwa tupu.

"Haijatoka humu, afande. Hata siku moja."

"Funguo za stoo ziko ngapi?"

"Mmoja. Nalala nao."

"Ilete."

Simu ililetwa ndani ya mfuko wa plastiki. Kioo kilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe. Mgongoni palikuwa na karatasi ya gundi nyeupe pe, KIELELEZO NA. 7, kwa wino mweusi. Mwanahamisi alifungua kitabu, akatazama maandishi ya vielelezo vingine vya tarehe nne: koti la mvua, funguo za trekta, kiatu kimoja cha mpira. Vyote vilikuwa na wino wa bluu. Alitoa bahasha, akaiweka kando ya simu bila kusema. Ndani yake kipande cha Hamza kilionekana.

Ismaili alikitazama. "Hicho mtu amekighushi."

"Yawezekana. Kwa nini mtu aghushi karatasi ya gundi?"

"Kunichafua. Huyo dereva ana watu wake, afande. Ni mjanja kuliko anavyoonekana. Hata hilo faili kalipandikiza yeye, likae kule ndani halitoki."

Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati kwa nguvu. Dotto aliacha kuandika, kisha akaandika haraka.

"Faili lipi?" aliuliza Mwanahamisi.

Koplo alifunga kitabu.

"Taarifa yako inasema hakuna faili. Nimeisoma mara kumi, Ismaili. Kwa sababu yako nilikwenda rumande nikamwita mtu mwenye mguu uliovunjika mwongo, usoni kwake. Sasa unaniambia liko, tena halitoki. Umejuaje kwamba halitoki?"

"Afande..."

"Umejuaje?"

Alipoanza kusema, alisema yote kwa mkupuo, kama mtu aliyechoka kubeba. Bwana Yeremia alikuwa amemwajiri mke wa Ismaili, Loveness, kwenye ofisi ya shamba. Alhamisi tarehe kumi na tatu Yeremia alikuja kuomba msaada mdogo: sauti ile iondoke. Ismaili aliipeleka simu Soni, kwa fundi mmoja mwanamke, Sabra. Sabra alilifuta mbele ya macho yake. Jina lilitoweka kwenye orodha. Ijumaa Ismaili aliandika taarifa kwa moyo mweupe, hakuna sauti, kwa sababu kweli haikuwepo. Jioni Yeremia akapita kuhakikisha, wakaiwasha simu, faili likawa limerudi. Jumamosi Yeremia akaichukua mwenyewe kwenda Lushoto. Jumapili akairudisha.

"Kwa moyo mweupe," alirudia Mwanahamisi.

"Ninamaanisha..."

"Vua mkanda. Na viatu. Dotto, chukua ufunguo wake wa stoo na simu yake. Andika muda."

Ismaili alivua mkanda mbele ya Dotto, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kujaza kitabu kile. Mwanahamisi alijaza hati ya ukamataji mwenyewe. Kalamu ilipasua karatasi mara mbili. Alibandika mfuko upya, akasaini, akamsainisha mkuu wa zamu, kisha akatoka kwenda kwenye gari bila kusubiri mvua ipungue.

Njia nzima kushuka Soni Dotto aliendesha kwa gia ndogo, na kila walipofika kwenye kona aligusa breki mapema kuliko kawaida yake.

* * *

Duka la Sabra lilikuwa hatua chache kutoka stendi ya Soni, nyuma ya wauza matunda ya plamu na peazi. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na saba hivi, mtandio mweusi, miwani ya kukuzia ikining'inia shingoni. Alipoona sare ya Dotto aliacha kazi, akaenda kufunga nusu ya mlango, kisha akasimama huku mgongo wake ukiwa ukutani.

"Shikamoo."

Mwanahamisi hakuitika. Aliweka mfuko wenye simu mezani. "Unaijua hii?"

"Naijua."

"Alhamisi uliletewa ufute ushahidi wa vifo vya watu wanne. Ukakubali."

"Nilisema nimekubali."

"Usinichezee maneno, binti. Nimetoka kumvua mtu mkanda, na wewe nafasi yako ipo."

"Sikufuta!" Sauti ya Sabra ilipanda ghafla, akainyamazisha kwa kiganja mdomoni. Nje mwuza peazi aligeuka. Alipoondoa kiganja alisema kwa sauti ya chini, nusu Kishambaa nusu Kiswahili, kwamba angelifuta, faili lingekuwa halipo. Wao wenyewe wamelikuta lipo, si ndiyo maana wamekuja?

Mwanahamisi alivuta kigoda, akakaa. "Nieleze. Taratibu."

"Alikuja koplo, kavaa sare, simu imo kwenye mfuko wa polisi. Akasema hilo moja liondoke. Kabla ya kufuta chochote mimi husikiliza, maana watu huleta simu za kuiba. Nikavaa spika za masikioni. Nikasikiliza lote, dakika nne. Yeye yuko hapo ulipokaa, anachezea simu yake."

"Kisha?"

"Ile simu ilikuwa imerutiwa. Kwenye simu kama hiyo unaweza kulipiga faili kufuli la ndani. Ukishaliweka, hata mwenye mamlaka yote akisema futa, mfumo unamkatalia, mpaka kwanza afungue lile kufuli. Mafundi wengi hawalijui, wanafuta kwa programu tu. Nikaliweka. Kisha nikaondoa jina kwenye orodha ya sauti. Faili likabaki chini. Nikamwonyesha orodha, akaridhika. Nilijua simu ikiwashwa upya orodha itajijaza. Sikujua ataiwasha lini."

Dotto aliandika. Ndipo tarehe zikakaa mahali pake: Alhamisi kufuli, Ijumaa taarifa ya uongo iliyoandikwa na mtu aliyeamini uongo umeshakuwa kweli, Jumamosi Hamza akihangaika na faili ambalo halikuwa na ugonjwa wowote. Davis hakuwa ameligusa. Kufuli lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amesimama hapa.

"Siku nne," alisema Mwanahamisi. "Siku nne umekaa kimya. Mtu yuko rumande, keshokutwa anapelekwa mahakamani. Kwa nini hukuja polisi?"

Sabra alimtazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza. "Nije kwa nani? Aliyeileta alikuwa polisi."

Dotto alitazama vidole vyake.

"Nilitaka kutoa nakala," aliendelea Sabra. "Lakini sasa koplo ananiangalia. Nikasema nikionekana nanakili, hata hili la kufuli halitafanyika. Nikachagua moja."

"Ungeweza kulifuta tu, akaondoka zake."

"Sikuweza."

"Kwa nini?"

Sabra aliuelekeza mfuko kwa kidevu. "Sikiliza mpaka mwisho. Kufuli halizuii kusikiliza."

Mwanahamisi alivaa glavu. Aliandika muda, akamtaka Dotto awe shahidi, akaiwasha simu, akakata mtandao wake kabla ya kitu kingine chochote. BREKI TREKTA lilikuwa palepale. Alibonyeza.

Injini ya trekta ikiwa bado baridi. Kisha sauti ya Davis: *Bosi, hizi breki hazishiki kabisa. Jana nimeisimamisha kwa gia, yule mchumaji Mwanaisha akaniwekea jiwe chini ya tairi.* Na nyingine, nzito, isiyo na haraka: *Jana umefika, leo utafika. Kiwanda kinasubiri majani saa nne. Pandisha watu. Kama huwezi, weka funguo hapa, wanaotaka kazi wako getini.* Kimya kifupi. *Bosi, wakifa hawa?* Ile sauti nzito ikacheka kidogo. *Wewe pandisha watu.*

Dotto alitoa pumzi kwa nguvu. Mwanahamisi alinyoosha mkono kuzima, Sabra akatikisa kichwa.

Injini ilipandishwa moto. Sauti za wanawake zilisogea karibu, wakiitana, vikapu vikigonga bati la tela. Mmoja alikuwa akikimbia, pumzi zimemjaa, anacheka: *Dereva, ningoje! Davis, ningoje na mimi!* Davis akajibu: *Panda, mama, panda polepole.* Kisha sauti ikakatika.

"Huyo ni Sharifa," alisema Sabra. "Mama yangu mdogo. Ndiye aliyenilea tangu darasa la tatu. Alikuwa amechelewa. Kidogo tu trekta limwache." Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, na alipouondoa, macho yalikuwa makavu na makali. "Koplo aliniambia, futa huo upuuzi."

Mwanahamisi alizima simu. Aliirudisha ndani ya mfuko, akaubana.

"Nilifungue kufuli?" aliuliza Sabra. "Mtoe nakala?"

"Usiliguse. Libaki ulivyoliweka mpaka wataalamu wa maabara walione na waandike wao. Wewe utaeleza uliweka siku gani, saa ngapi, mbele ya nani. Uko tayari?"

"Niandike. Jina lote, na la baba yangu."

Dotto alikuwa katika ukurasa wa pili wa maelezo hayo simu ya Koplo Ismaili ilipotetemeka mfukoni mwake. Aliitazama, akamsogezea Inspekta. Ujumbe ulisomeka juu ya kioo bila kufunguliwa: *Nimepata fundi Muheza, anasema kwake hakuna linaloshindikana. Iweke tayari, napita saa kumi kuichukua. Yeremia.*

Mwanahamisi alitazama saa. Saa nane na robo.

"Maliza kuandika," alimwambia Dotto. "Hatuna haja ya kumjibu. Anakuja mwenyewe."

* * *

Bwana Yeremia aliingia kituo cha Mazindwa saa kumi na dakika tano, sweta ya kijani, kifurushi cha jibini kutoka shamba la Irente kwapani. Alisalimia kaunta nzima kwa furaha. Alipomwona Inspekta nyuma ya kitabu cha vielelezo alisita, kisha akatabasamu tena.

"Nimekuja kumwona Koplo mara moja."

"Kwa jambo gani?"

"Kuna simu ananiwekea."

"Ya nani?"

Hapo ndipo macho yake yalipofika kwenye benchi la ukutani. Ismaili alikuwa amekaa pale miguu mitupu, suruali ameishika kwa mkono mmoja. Kifurushi kilishuka polepole kutoka kwapani.

"Inspekta, mambo haya yanazungumzika," alisema. "Shamba lina wanasheria. Dereva alikuwa mzembe, kila mtu anajua. Ile ilikuwa bahati mbaya."

"Kaa."

"Mimi ni mkuu wa—"

"Najua wewe ni mkuu wa nini. Nimekusikia ukiwa kazini, dakika nne nzima. Kaa!"

Alikaa. Mwanahamisi alizunguka kaunta, akasimama mbele yake karibu sana hadi ikambidi ainue shingo. Alimsomea haki zake zote bila kuruka hata moja, sauti yake ikigonga kila neno. Kisha akageuka kwa Dotto.

"Fungua ukurasa mpya. Swali la kwanza." Alimrudia Yeremia. "Wanawake waliokufa kwenye tela lako. Wataje."

"Nani?"

"Wanne. Majina yao."

Yeremia alitazama dari, akatazama Ismaili, akatazama mikono yake. "Wale walikuwa vibarua wa siku, Inspekta. Wanabadilikabadilika. Ofisini kuna orodha, naweza kupiga simu..."

"Sikuuliza ofisi."

Alisubiri. Mkuu wa zamu naye alisubiri, na mahabusu wawili nyuma ya nondo waliacha kunong'ona.

"Andika," alisema Mwanahamisi.

Dotto aliandika: *Mtuhumiwa hakutaja hata mmoja.* Akamgeuzia Yeremia daftari, akampa kalamu asaini.